Barua ya Kurasa Mbili

Mama alikuwa akitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, viatu mkononi ili asiwaamshe majirani, na kuanzia hapo nyumba ilibaki mikononi mwa binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Alichemsha chai, akakata mkate, akamwamsha mdogo wake na kumvalisha soksi zinazofanana, au angalau zinazokaribia kufanana. Kisha alimpa dawa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa kuliko zote. Mdogo wake alikuwa na pumu. Asubuhi na jioni ilibidi avute dawa kupitia kopo la plastiki lenye barakoa ndogo, pumzi sita, huku dada akihesabu. Mtoto huyo alikuwa na miaka mitano na mdomo usiojua likizo, ndiyo maana jengo zima lilimwita Chiriku. Ni wakati wa zile pumzi sita tu ndipo aliponyamaza.

Dada naye alikuwa na jina lake la jengo. Walimwita Mkalimani. Familia nyingi katika lile jengo la ghorofa nne zilikuwa zimehamia kutoka nchi nyingine, na wazazi walijua lugha ya pale kwa kiasi cha kununulia sabuni na kuulizia njia tu. Watoto walijifunza lugha hiyo shuleni upesi, na hakuna aliyeimudu kumpita binti huyu. Basi jioni watu walimgongea mlango wakiwa na barua za shule, za mwenye nyumba, za maji na umeme. Yeye alisoma, akatafsiri, akaambiwa ahsante mwanangu, na akapanda ngazi kifua mbele.

Lakini alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeijua. Alikuwa anapunguza. Mwenye nyumba alipomwandikia fundi viatu wa ghorofa ya chini kwamba akiendelea kugonga nyundo mchana kutwa atatupiwa vitu vyake nje, Mkalimani alimsomea kwamba mwenye nyumba anaomba kelele zipungue kidogo. Mwalimu wake alipomweleza Mama kwamba binti ana maneno mengi darasani, yeye alitafsiri kuwa anashiriki sana. Alijiambia kwamba anawaondolea watu wazima mzigo. Na walikuwa na mizigo ya kutosha. Mama alifanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya mji, chini kabisa, kwenye chumba cha mvuke kisicho na dirisha. Baba yao alikuwa bado kule walikotoka, akisubiri kibali cha kuja kuungana nao. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa kusubiri.

Barua yenyewe ilifika siku ya Jumanne, kwenye bahasha ya kahawia yenye mhuri wa Ofisi ya Ustawi wa Jamii. Mkalimani aliifungulia ngazini. Ilikuwa na kurasa mbili zilizobanwa kwa pini. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama palepale. Iliandikwa kwamba, kwa mujibu wa utaratibu mpya, familia zenye vibali vya ukaazi vya muda zitaondolewa kwenye kadi ya matibabu ya watoto. Familia yenye mtoto anayeugua maradhi ya muda mrefu ingeweza kubaki, ila mzazi alitakiwa afike ofisini na barua ya daktari katika muda wa siku thelathini. Ukurasa wa pili hakuufungua kabisa.

Alipoingia ndani alimkuta Mama ameketi, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, anatabasamu. Siku hiyo alikuwa ametolewa kwenye mashine za kufulia, akapelekwa kwenye mashine ya kunyooshea, mahali pakavu ambapo mtu huondoka na mgongo wake mzima. Ilikuwa miezi binti hajaliona tabasamu lile. Mama aliuliza wameandika nini. Binti alijibu kwamba ni tangazo tu, utaratibu fulani utabadilika baadaye. Akaichomeka barua katikati ya kitabu chake cha ramani na kujiahidi kuisema kesho.

Kesho ilikuja na kesho yake. Kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi mdomoni. Wiki ya tano ilipopita katikati, dawa ya Chiriku ilikuwa inaelekea kwisha, na Mkalimani akaenda kuichukua kwenye duka la dawa la hospitali kama kawaida. Mtoa dawa aliitazama kadi, akabonyeza mashine yake, akamrudishia. Kadi ilikuwa imefungwa.

Binti alirudi nyumbani akamwambia Mama kwamba dawa imeisha dukani, italetwa wiki ijayo. Huo haukuwa tena upunguzaji. Ulikuwa uongo mtupu, na alijua. Akaanza kumpimia mdogo wake pumzi mbili mahali pa sita.

Ilipofika Jumatano, saa nane mchana, mwalimu wa darasa la awali alikuja kumwita Mkalimani darasani kwake. Chiriku alikuwa amekaa kwenye zulia la darasa, mabega yakipanda na kushuka, na hasemi kitu. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mwalimu akawapakia kwenye gari lake mpaka hospitali, mlango wa dharura, na mtu akatumwa kumwita mama mtu chini kwenye mashuka. Alipanda akikimbia, aproni bado imelowa, nywele zimetoka kwenye kofia ya kazi.

Walimwekea mtoto barakoa ya mvuke wa dawa, na taratibu kifua kikaanza kutulia. Daktari, kijana mwenye macho ya uchovu, akauliza mtoto alipata dawa yake kamili mara ya mwisho lini. Mkalimani akatafsiri. Mama akajibu kwa lugha ya nyumbani.

"Mwambie duka lao halina dawa tangu wiki iliyopita. Tunasubiri waletewe nyingine."

Mkalimani akatafsiri hilo pia, kwa sauti ndogo.

"Duka letu?" daktari akasema. "Dawa hii imejaa rafu nzima. Haijawahi kuisha."

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amesimama katikati yao, na kila neno lilipaswa kupita kwake ili lifike upande wa pili. Angeweza kusema chochote. Mama asingejua, daktari asingejua. Alimtazama mdogo wake, ile barakoa ikiingia ukungu na kutoka ukungu.

"Anasema dawa ipo," akamwambia Mama. "Na ni kweli ipo, Mama. Mimi ndiye nimekudanganya."

Akamweleza yote. Mama hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akavua ile aproni iliyolowa, akaikunja mara nne, akaiweka pembeni. Kisha akaomba barua. Ilikuwa palepale kwenye mkoba wa shule, ndani ya kitabu cha ramani.

"Nisomee," akasema. "Kuanzia kwenye mhuri mpaka sahihi. Usinipunguzie hata nukta. Kama wamenitukana humo ndani, niletee tusi langu lote."

Binti akasoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kama alivyoujua. Kisha akafunua wa pili. Hapo palikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyaona. Ukurasa huo ulisema kwamba kutumia kadi ya matibabu ya mtoto hakutahesabiwa dhidi ya ombi lolote la kibali. Kwamba mzazi aliyechelewa kwa sababu inayoeleweka bado anaweza kusikilizwa. Kwamba ofisi ikikataa ombi, lazima ikatae kwa maandishi, kwa jina la ofisa na mhuri. Na kwamba mzazi asiyejua lugha atapewa mkalimani mtu mzima, bila malipo.

"Rudia hapo pa vibali," Mama akasema.

Akarudia mara tatu.

Ndipo Mama akamsimulia jambo ambalo naye alikuwa amelificha. Kule kwenye mashuka, wanawake wote walioajiriwa wakiwa na vibali vya muda walikuwa wakinong'ona kwamba ukiitumia kadi, jina lako linaandikwa kwenye orodha, na mume wako hataletwa milele. Wawili walikuwa wamesharudisha kadi za watoto wao kwa hofu. Yeye mwenyewe kwa miezi miwili alikuwa akijiuliza kama kila kopo la dawa ya Chiriku linamsogeza Baba mbali zaidi. Na jibu lilikuwa limekaa kwenye kitabu cha ramani zaidi ya mwezi mzima.

Habari haikukawia kuenea jengoni. Jioni fundi viatu alipanda kuwapa pole, na alikuwa na ushauri wake. Alisema barua hupotea kila siku, wao waseme tu haikuwafikia, nani atabisha. Jirani wa mlango unaotazamana na wao, mpishi wa shule, yeye alishauri wasiende kabisa. Ukikaa kimya hawakuoni, alisema, ukienda kujionyesha ndipo wanapokukumbuka.

Mama aliwasikiliza wote kwa adabu na kuwamiminia chai. Kisha akasema kwamba amekaa kimya miaka mitatu na bado wamemwona, wakamfungia mtoto wake dawa. Naye hatasema barua haikufika, kwa sababu ilifika.

"Sijaiba kitu cha mtu," akasema. "Nitakwenda kwa mguu wangu, na kwa jina langu."

Ijumaa waliamkia Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Mama na binti, na barua ya daktari ndani ya bahasha safi. Chiriku aliachwa kwa mpishi wa shule. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni, mashine ya kutoa namba, na madirisha matano ya kioo, moja tu likiwa na mtu. Walikaa saa mbili na nusu. Namba yao ilipoitwa, walimkuta karani mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alitazama tarehe kwenye barua, hakutazama ukurasa wa pili, akasukuma fomu chini ya kioo na kalamu juu yake.

"Siku thelathini zimepita. Mwambie mama yako asaini hapa, tufunge faili."

Mkalimani aliisoma fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana. Akaugeuza kwa lugha ya nyumbani, neno kwa neno: mimi niliyetajwa hapo juu ninajiondoa kwenye kadi ya matibabu kwa hiari yangu mwenyewe.

"Sijakwambia umsomee," karani akasema. "Nimesema asaini."

Hilo nalo akalitafsiri. Mama akaisukuma fomu irudi upande wa pili wa kioo, kalamu na yote.

Karani akavua miwani. Alionekana mtu aliyechoka, mtu ambaye asubuhi yake ilikuwa imejaa watu waliosaini bila kuuliza. Akasema watu hawa wanakuja mikono wazi, wanataka kila kitu, na kama mtu hawezi kumtunza mtoto wake, njia aliyojia bado ipo.

Maneno laini yalimjia Mkalimani yenyewe, kama yalivyomjia siku zote. Angesema karani anasikitika, hana uwezo. Mama angeinua mkoba wake na wangekwenda zao kwa heshima. Alivuta pumzi, akatafsiri kila neno, mpaka ile njia waliyojia.

Mama aliinua mikono yake mbele ya kioo. Kisha akaongea polepole ili binti aweze kumfuata.

"Mwambie mikono iliyo wazi ndiyo hii. Akilazwa hospitali ya mji huu, shuka atakalolalia limepita hapa. Kodi yao inakatwa kwenye mshahara wangu kabla sijauona, na sijawahi kulalamika. Mwanangu anapumua hapa, kwa hiyo atatibiwa hapa. Sisaini. Kama ananikataa, aniandikie, aweke jina lake na mhuri, kama barua yao inavyosema. Mimi nitamsubiri pale."

Binti alilisema lote kwa lugha ya pale, na sauti yake, iliyozoea kunong'ona kwenye madirisha kama hayo, ilisikika mpaka mlangoni. Hakuongeza neno. Mama akaenda kuketi mstari wa mbele, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha.

Karani aliita namba nyingine. Mzee mmoja aliyevaa koti la mlinzi alikwenda dirishani, akapewa fomu ileile, akaishika kalamu. Halafu akageuka. Akamwendea Mkalimani na kumuuliza, kwa lugha aliyoijua kwa shida, ile karatasi inasemaje. Binti akamweleza. Mzee akairudisha kalamu dirishani, akaketi kando ya Mama. Baada yake akaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, naye akauliza, naye akaketi. Kisha vijana wawili, mtu na dada yake. Hakuna aliyepiga kelele wala kutukana. Walikaa tu na barua zao, na karani akawa anaita namba ambazo hakuna aliyezijibu.

Baada ya saa nzima mlango wa nyuma ulifunguka, akatoka mkuu wa ofisi, mama wa makamo mwenye faili kwapani. Aliuliza kuna nini. Karani akasema kuna mtoto anawachochea watu. Mkuu akamtazama huyo mtoto, sare ya shule na viatu vilivyopigwa rangi, halafu akauliza kwa nini siku ya masomo yuko pale anafanya kazi ya ofisi. Akawaita yeye na Mama chumbani kwake, akapiga simu, akaiweka mezani. Kutoka kwenye simu ikatoka sauti ya mwanamke akiwaamkia kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa mkalimani, mtu mzima, wa kazi hiyo. Binti alihisi mabega yake yanashuka, na hapo ndipo alipojua kuwa alikuwa ameyapandisha.

Mkuu wa ofisi aliisoma barua ya daktari. Akasema haina kasoro. Lakini walichelewa zaidi ya wiki, na alihitaji sababu.

Mama alimtazama binti. Hakumjibia. Mkalimani alikumbuka ushauri wa fundi viatu, jinsi ulivyokuwa mwepesi, haikutufikia, neno moja tu.

"Barua ilifika," akasema. "Niliificha mimi. Niliogopa Mama atahuzunika."

Mkuu akafungua faili, akapekua mpaka karatasi ya mwanzo kabisa, ile iliyojazwa siku familia ilipoandikishwa. Kwenye kisanduku cha lugha ya mzazi palikuwa pameandikwa wazi lugha ya nyumbani kwao.

"Hapa tulijua mama yako hasomi lugha yetu," akasema, "na bado tukamwandikia kwa lugha yetu. Tukamwachia mtoto wa miaka kumi na miwili kazi ambayo ilikuwa yetu. Kosa lako nimelisikia, na umelisema mwenyewe. La ofisi yangu nalo naliandika." Akaandika hivyo kwenye faili, sababu ya kuchelewa inaeleweka, akagonga mhuri. Kisha akatoka kwenda dirishani, akalichukua lile bunda la fomu za kujiondoa mbele ya karani, akarudi nalo chumbani kwake.

Kadi ilifunguliwa baada ya siku tisa. Mlinzi mzee na yule mwenye mtoto mgongoni waliitwa upya kusikilizwa. Utaratibu mpya haukufutwa. Familia ambazo watoto wao hawakuwa na maradhi ya muda mrefu zilibaki nje, na Mama alisema hilo nalo bado wataliuliza. Baba alikuwa bado anasubiri.

Jioni ile kadi ilipofunguliwa, Mama alimketisha binti mezani, wakawa wanamenya viazi pamoja. Chiriku, pumzi zake sita zikiwa zimeisha, alikuwa chumbani akiufundisha ukuta kuhesabu.

"Nilikukasirikia," Mama akasema. "Nataka ujue hilo, nisije nami nikakupunguzia. Mdogo wako angeweza kufa."

Binti akainamisha kichwa. Akasema anajua, na kwamba hatarudia.

"Najua ulinionea huruma. Lakini mtu akikukatia habari zako, hata kwa mapenzi, amekukatia na nguvu ya kujitetea. Ile barua ilikuwa na mambo mawili, la kunitisha na la kunisaidia. Ulipolificha la kwanza, la pili nalo likapotea. Siku nyingine niletee vyote. Nikilia, nitalia, kisha nitafuta uso na kutafuta mkoba wangu. Na ukweli wako pale kwa yule mkuu wa ofisi ndio uliotufungulia mlango. Tungeingia na uongo, angeupekua na kututoa nje, na angekuwa na haki. Usimwogope mtu aliye nyuma ya kioo, mwanangu, lakini uende kwake ukiwa msafi. Mimi kuanzia Jumamosi naingia darasa la lugha. Nimechoka kuzungumza na watu kupitia mtoto."

Wiki iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Mama alishuka ngazi akiwa na wafuaji wenzake watatu, wakiwemo wale wawili waliorudisha kadi, wakielekea Ofisi ya Ustawi wa Jamii. Kila mmoja alikuwa na barua yake mkononi, kurasa zote mbili. Njiani walikuwa wakifanya mazoezi ya sentensi moja ya lugha ya pale aliyofundishwa Mama darasani, wakicheka matamshi yao: naomba mkalimani, tafadhali, na jibu kwa maandishi.

Binti hakwenda nao. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye alikuwa darasani, kwenye somo la hesabu, akimsumbua jirani yake kwa maneno mengi.